Kagua namba ya gari, siyo jina la mlangoni: jinsi ya kuangalia rekodi za kampuni za malori Bongo

Swali limekuwa lilelile kwa sura tofauti. Mmoja kaona tangazo la kampuni ya kusafirisha mizigo, bei ya chini, Scania zimepangwa mstari kama gwaride la Uhuru, anauliza hawa ni watu kweli au wajanja wa mjini. Mwingine kaitwa kazi ya utingo na anataka kujua anaingia mikononi mwa nani. Nimeamua niyaweke yote sehemu moja. Ukiwa kafe, una nusu saa yako na namba ya gari kwenye kikaratasi, kazi hii inaisha kabla muda haujakata.

Kuna jambo moja ukilishika, mengine yanakuwa mepesi. Kwetu Tanzania huna ukurasa mmoja wa serikali ambao unaandika jina la kampuni ya malori halafu unamwagiwa historia yake yote: leseni, ajali, makosa, kila kitu. Rekodi zetu nyingi zimefungwa kwenye GARI. Bima ni ya gari. Leseni ya usafirishaji ni ya gari. Faini ya trafiki imeandikiwa gari. Jina la kampuni lina makazi yake BRELA, na BRELA hawajui kama breki zinashika au hazishiki.

Kwa hiyo mtu akikutumia cheti cha kampuni kwenye WhatsApp, kizuri, kina nembo ya Bibi na Bwana, usianze kushangilia. Mwombe namba ya gari litakalobeba mzigo wako. Akianza kuzungukazunguka ("gari bado liko njiani linarudi, nitakutumia kesho, wewe tuma advansi kwanza") hapo umeshapata nusu ya jibu.

TUANZE NA BRELA, MARA MOJA TU

BRELA ni Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni. Usajili wao uko kwenye mtandao, mfumo unaitwa ORS, anwani ni ors.brela.go.tz. Kutafuta jina ni bure. Unachotaka kuona ni kama jina lipo, namba yake ya usajili ni ipi, na liliandikishwa lini. Ukitaka taarifa rasmi, yenye majina ya wakurugenzi na wanahisa, unaomba humohumo na unalipia kwa kontrol namba. Kama mzigo wako ni magunia matatu sioni haja. Kama ni kontena zima, lipia, usione uchungu.

Angalia tarehe. Mtu anayekuambia "tuko barabarani miaka kumi na tano" halafu kampuni imeandikishwa mwaka jana, muulize hiyo mingine alikuwa anatumia jina gani. Linaweza kuwepo jibu la kweli kabisa (mzee alikuwa anafanya kwa jina lake binafsi, watoto wakafungua kampuni). Linaweza lisiwepo pia.

Angalia tena kama ni kampuni au ni jina la biashara, maana hivi ni vitu viwili. Kampuni ni mtu wake yenyewe mbele ya sheria. Jina la biashara ni mtu tu kaandikisha jina, na mambo yakiharibika unadaiana na yeye mwenyewe. Siyo dhambi, wenye malori wengi wa fuso moja au mbili wako hivyo na ni waaminifu kuliko baadhi ya makampuni. Ila ujue unadili na nani.

Na utapeli mkubwa hauko kwenye kampuni hewa siku hizi. Uko kwenye kampuni ya KWELI ambayo mtu mwingine anajifanya ni yake. Anachukua jina la kampuni kubwa inayojulikana, anachukua picha za malori yao, anabandika namba yake ya simu. Ukienda BRELA unalikuta jina, unafurahi, unatuma hela. Dawa yake nitaisema mbele kidogo.

SASA NAMBA YA GARI

Kabla hata hujagusa kompyuta, tazama rangi. Namba za magari ya biashara ni nyeupe maandishi meusi, za binafsi ni njano. Lori lenye njano halikusajiliwa kubeba mizigo ya watu kwa nauli. Wapo wanaofanya hivyo kila siku, tunawaona, lakini siku likitokea la kutokea kampuni ya bima itakuwa na sababu nzuri sana ya kukukwepa.

Tena kumbuka semi-tela lina namba mbili. Kichwa kina yake, tela lina yake, na kila moja ni gari lililosajiliwa peke yake. Watu wanakagua kichwa, wanasahau tela, wakati mzigo wako umekaa kwenye tela. Andika zote mbili.

Nenda kwanza kwenye mfumo wa Jeshi la Polisi, tms.tpf.go.tz. Unaweza kutafuta kwa namba ya gari au kwa namba ya leseni ya dereva. Itakuja orodha ya makosa ambayo faini yake haijalipwa: tarehe, mahali, kosa gani, deni kiasi gani. Kosa moja ni shilingi 30,000, kwa hiyo ukiona jumla imepanda unaweza kupiga hesabu mwenyewe gari limesimamishwa mara ngapi.

Wengi wanakosea kwenye kusoma. Wanatazama jumla ya deni tu. Mimi naona jumla ndiyo ina maana ndogo kuliko vyote. Soma KOSA. Kuegesha vibaya Kariakoo siyo sawa na kupita gari jingine kwenye kona. Lori zito ukomo wake ni kilomita 80 kwa saa hata kwenye njia nyeupe, na kwenye makazi ni 50. Ukiona mwendokasi, mwendokasi, mwendokasi, ndani ya mwezi mmoja, mikoa mitatu tofauti, hilo siyo bahati mbaya. Kuna mtu amempangia dereva muda wa kufika ambao hauwezekani bila kukimbia. Ukiona gari bovu au matairi yaliyokwisha, na deni limekaa hapo bila kulipwa, jiulize: kama 30,000 imemshinda, hayo matairi kanunua lini?

Na kinyume chake pia. Ukurasa ukija mweupe, hakuna deni, usiseme gari ni takatifu. Huo ni ukurasa wa madeni. Aliyelipa jana, leo haonekani. Kampuni kubwa nyingi zina mtu ofisini anayekagua kila wiki na kulipa. Unakuwa umejua kwamba wanalipa madeni yao, basi, na hilo nalo siyo dogo.

Ndiyo maana nashauri usikague gari moja. Kagua MATANO. Kama uko Mbeya, Morogoro, Chalinze au Kibaha hii ni rahisi mno, unakaa pembeni ya barabara unaandika namba za malori yenye jina lilelile mlangoni. Kama uko mbali, chukua kwenye picha zao wenyewe walizojitangazia. Gari moja lenye makosa linaweza kuwa na dereva mmoja mkorofi. Matano yote yakiwa na makosa ya aina moja, tatizo limekaa ofisini. Hii ndiyo rekodi ya usalama ya mlalahoi, haina mhuri lakini inaongea.

Baada ya hapo, bima. Mamlaka ya Usimamizi wa Bima (TIRA) wana mfumo wa kuhakiki, tiramis.tira.go.tz. Unaweka namba ya gari au namba ya stika. Inakuletea kampuni iliyotoa bima, ilianza lini, inaisha lini. Soma tarehe ya kuisha na ulinganishe na siku za safari. Dar mpaka Lubumbashi na foleni ya Tunduma siyo safari ya siku mbili. Bima inayoisha Ijumaa wakati gari linaondoka Jumatano, hapo mzigo wako utaishiwa ulinzi ukiwa kwenye foleni unakunywa chai.

BIMA YA GARI SIYO BIMA YA MZIGO. Naandika kwa herufi kubwa makusudi.

Kuna mama mmoja mtaani kwetu ananunua mchele Mbarali anaupeleka Dar. Mchapakazi. Alianza na debe, akafika magunia themanini. Lori alilopakia likalala kwenye mteremko wa Kitonga, mchele ukamwagika, uliobaki mzima ukabebwa na watu usiku uleule. Wenye gari walishamwambia tangu mwanzo "usiwe na wasiwasi mama, gari lina bima", na hawakudanganya, lilikuwa nayo. Bima ndogo. Hiyo ndiyo ya lazima kisheria, inamhusu mtu wa tatu: yule uliyemgonga, ukuta wa watu uliouvunja. Mchele ulio mgongoni mwa gari lenyewe haumo. Hata bima kubwa, ambayo inalipa gari lenyewe, kwa peke yake haikulipii magunia. Mzigo una bima yake, ya mali iliyoko safarini, inakatwa peke yake, na ina kiwango chake cha juu. Yule mama alikuwa na mkopo wa kikundi. Watoto wake wawili walirudishwa nyumbani muhula huo kwa sababu ya michango. Wenye lori walimpa pole, soda, na nauli ya kurudi.

Kwa hiyo swali siyo "gari lina bima?" Swali ni: "mzigo wangu una bima, ya kampuni gani, mpaka shilingi ngapi, naomba nione karatasi." Karatasi ikija, piga simu kampuni ya bima kwa namba uliyoitafuta MWENYEWE, siyo iliyoandikwa kwenye hiyo karatasi.

LATRA

LATRA ndiyo waliochukua mambo ya nchi kavu kutoka SUMATRA mwaka 2019, kwa hiyo mtu akikuonyesha leseni ya "SUMATRA" leo, mpe pole, hiyo ni ya makumbusho. Lori linalobeba mizigo kwa biashara linatakiwa kuwa na leseni yao. Maombi yanapita kwenye mfumo wao wa RRIMS, na ili uipate unatakiwa uwe na kadi ya gari, bima iliyo hai na ripoti ya ukaguzi wa gari kutoka polisi. Ndiyo maana mimi naithamini: leseni hai ya LATRA maana yake angalau mara moja kuna askari alilitazama gari lile.

Mwombe mwenye gari picha ya leseni. Linganisha namba ya gari iliyoandikwa pale na ile uliyopewa, na jina la mwenye leseni na lile la BRELA. Yakipishana, uliza. Mara nyingi utaambiwa "gari ni la mshikaji, tumelikodi, letu limejaa". Hili ni jambo la kawaida kabisa kwenye malori. Umekubaliana na kampuni A, anayekuja kupakia ni gari la B, dereva kaajiriwa na C. Siyo kosa, ila ukaguzi wote ulioufanya juu ya A haukuhusu tena. Gari likibadilika, kagua upya, hata kama vibarua wameshaanza kunyanyua magunia. Ukiwa na shaka na leseni, LATRA wana ofisi mikoani, nenda na namba ya gari uulize.

Uanachama wa chama cha wenye malori, TATOA kwa mfano, watu wanapenda kuutaja sana. Ni kitu kizuri kuwa nacho, kinaonyesha mtu anajulikana na wenzake. Lakini chama ni cha wenye magari, siyo wakaguzi. Usikihesabu kama ukaguzi.

MIZANI NA KUFULI ZA KONTENA

Haya huyapati kwenye kompyuta, ila yanakuhusu. Sheria ya Afrika Mashariki ya kudhibiti uzito wa magari imeanza kutumika kwetu Machi 2019, na uzito wa juu wa gari zima na mzigo wake ni tani 56. Dereva akikuambia "pakia tu, mizani tunaongea nao", usicheke naye. Gari likikamatwa Vigwaza au Mikese linalala hapo, na nyanya zako zinalala nalo. Na lori lililozidishwa ndilo linalokata breki kwenye miteremko, sisi watu wa Mbeya hatuhitaji kuelezwa hilo.

Kama ni kontena, zunguka uangalie zile kufuli za pembeni zinazolishika kwenye tela. Ziko nne kwa kontena, zifungwe zote. Tarehe 11 Machi 2015 pale Changarawe, karibu na Mafinga, basi lililotoka Mbeya kwenda Dar liligongana na lori na kontena likaliangukia basi. Walikufa watu zaidi ya 40. Kukagua kufuli nne ni dakika moja.

DAWA YA WANAOJIFANYA

Nilisema nitairudia. Mtu anayetumia jina la kampuni ya kweli anaweza kuiga nembo, cheti, hata picha za yadi. Kitu kigumu kwake ni akaunti. Hela isiende kwa namba ya mtu binafsi. Ilipwe benki au lipa namba, na lile jina linalotokea kwenye simu KABLA hujaweka namba ya siri liwe lilelile la BRELA. Likitokea jina la mtu usiyemjua, bonyeza kufuta. Halafu dai risiti ya EFD, na ukiipata iingize verify.tra.go.tz uone kama TRA wanaitambua na imetolewa na nani. Tapeli hana mashine. Na kama yadi yao iko mji uliopo, panda daladala uende ukaone. Nauli haizidi hasara.

WENZETU WA NG'AMBO

Najua kuna wadau mko Marekani mnaendesha malori, Wabongo, Wakenya, Wakongo, na mnacheka mkisoma hizi hatua zote. Kule kila kampuni inayopita jimbo hadi jimbo ina namba ya USDOT, imeandikwa ubavuni mwa kichwa. Unaiingiza kwenye mfumo wa SAFER wa mamlaka inayoitwa FMCSA (imeanza kazi mwaka 2000), bure, unaletewa kampuni nzima: magari mangapi, madereva wangapi, ukaguzi wa barabarani na ajali za miezi 24 iliyopita, asilimia ngapi ya magari yalikutwa mabovu mpaka yakazuiwa kuondoka, na wastani wa nchi nzima pembeni ili ulinganishe. Raha tupu. Ila hata kule wajanja wapo. Kampuni ikichafuka inafungwa, kesho inafunguliwa nyingine yenye namba mpya na malori yaleyale, wanaziita vinyonga. Na orodha ile ya ajali haisemi nani alikuwa na makosa.

Mimi napenda siku moja LATRA, TIRA na polisi wakae meza moja watuletee ukurasa kama ule. Kila kitu wanacho tayari, kimetawanyika tu. Mpaka hapo, sisi tuna namba ya gari, na afadhali yake ni kwamba jina la mlangoni linapakwa rangi kwa siku moja.

KAMA UNAENDA KUFANYA KAZI HUKO

Hii ni ya vijana wenzangu, maana wengi tuliomaliza fomu foo hatuna mzigo wa kusafirisha, tuna nguvu za kuuza. Kaka yangu ni utingo, njia ya Tunduma. Kabla hajapanda gari la watu tulikaa wote kwenye kompyuta tukapiga namba za magari manne ya pale. Mawili yalikuwa na makosa ya ubovu, deni la tangu miezi mingi nyuma. Hakwenda. Alikaa wiki sita zaidi bila kazi, mama akanuna, akapata kwingine.

Utingo analala chini ya tela, anaweka jiwe nyuma ya tairi gari likishindwa mlima, anakaa kiti cha kushoto kwenye ajali za uso kwa uso. Kwa hiyo ukishamaliza ukaguzi wote wa juu, ongeza maswali matatu kwa mwajiri. Nitapata mkataba wa maandishi? Mnachangia NSSF? Mmejisajili WCF? WCF ni Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, waajiri walianza kuuchangia Julai 2015, na mchango wake unatoka mfukoni mwa mwajiri, hautakiwi kukatwa kwenye mshahara wako. Ukiumia au ukifa kazini ndio wanaolipa, wewe au familia yako. Mwajiri aliyesajiliwa anacho cheti na hachukii ukiomba kukiona. Akisema "sisi hapa tunaishi kama ndugu", mwambie hata ndugu wanaandikishana.

Leseni ya dereva nayo itazame. Ya malori makubwa ni daraja E. Kwa namba ya leseni yake unaweza kumtafuta kwenye ule mfumo wa polisi kama ulivyotafuta gari, na huyo ndiye utakayekaa naye kwenye kibini kimoja siku tano.

Mwisho, chapisha. Kurasa zote hizi hubadilika: bima inaisha, deni linalipwa, linafutika. Siku gari linapoondoka, chapisha ukurasa wa bima, ukurasa wa polisi na picha ya leseni ya LATRA, zikiwa na tarehe, piga pini pamoja na karatasi ya kupakilia mzigo yenye sahihi ya dereva. Acha seti moja nyumbani kwa mtu mwingine, siyo ndani ya gari. Mtandao wa serikali ukiwa umelala siku hiyo (nao una siku zake), jaribu asubuhi na mapema au usiku. Na nyie mtakaoandika kwenye maoni, wekeni maswali, siyo namba za magari ya watu na matusi. Zitafutwa. Nawakilisha.